Maji Yasiyobebwa: shajara ya mikve kando ya Ziwa Erie

Jumatatu, 12 Agosti 2024

Naanza kuandika haya kwa sababu simu imejaa picha za zege na kila mtu nyumbani ananiuliza unajenga nini huko, nikisema mikve wanadhani ni mikeka. Haya. Mikve ni hodhi la twahara la Mayahudi. Mke akimaliza hedhi anahesabu siku saba safi, usiku nyota zikishatoka anajisafisha vizuri, anatoa pete, rangi ya kucha, plasta, chochote kinachoweza kukaa kati ya ngozi na maji, halafu anashuka hodhini anazama mwili mzima mpaka unywele wa mwisho. Hapo ndio yeye na mumewe wanarudiana. Asili yake iko kwenye Torati, Mambo ya Walawi 15. Bi harusi naye anazama kabla ya harusi, na anayeingia dini yao pia. Mimi mtoto wa Kibokoni, Mombasa, hayo hayakunishtua, habari za hedhi na janaba tulisomeshwa madrasa hata hatujajua ni vitu gani.

Kilichonishtua ni maji. Nitafika huko.

Mahali ni mji mdogo kando ya Ziwa Erie, Marekani, familia kama arobaini hivi za Kiyahudi. Ukumbi wao wa kusalia ni wa kupanga, zulia limechakaa, hita inakohoa kama mzee wa sigara, na bado pesa yote waliyochanga wanaimwaga kwenye shimo la zege. Nikamuuliza mama mwenyekiti wa kamati mbona hivi, akasema kwao mikve inatangulia sinagogi, jamii inaruhusiwa hata kuuza gombo la Torati ili ijenge. Mikve ya karibu kwa sasa ni dakika tisini kwa gari. Na usiku wako ukiangukia Ijumaa basi tena, Sabato hawaendeshi gari, utangoja mpaka Jumamosi usiku, halafu ukute barabara imeganda. Ndiyo maana kiwanja kimechaguliwa pale watu wanapoweza kufika kwa miguu. Mama mwenyekiti ameiendesha ile barabara miaka kumi na tisa. Hakusema zaidi na mimi sikuchimba.

Kazi yangu: mabomba, vigae, na kuhakikisha haivuji. Niko na kijana mmoja wa Bujumbura, mtu wa Buyenzi, Kiswahili chake kitamu ila mikono ina haraka.

Alhamisi, 22 Agosti

Leo nimechekwa. Nilikuja na katalogi ya matangi ya faibaglasi, nikamwambia rabai, yaani kiongozi wao wa dini: mzee, kwa nini tupige zege wiki nzima wakati tangi linakuja na lori tunalitumbukiza asubuhi moja tu? Akatabasamu akaniambia kaa hapa. Tukakaa juu ya mifuko ya saruji.

Kitu unachoweza kukinyanyua, anasema, ni chombo. Maji yakishaingia kwenye chombo yamekuwa maji ya kutekwa, na maji ya kutekwa hayafai kuanzishia mikve. Kwa hiyo ndoo, pipa, tangi la kununua, beseni la bafuni, vyote nje. Mikve iwe shimo kwenye ardhi au sehemu ya jengo lenyewe, na maji yake ya kwanza yafike yenyewe: mvua, au chemchemi, au maji ya chini ya ardhi kama zile mikve za kale za Speyer na Worms kule Ujerumani ambapo walichimba ngazi mpaka wakayakuta. Mtu asiyachote, asiyabebe, asiyamimine. Hata ya bomba la mji hayafai kuanzia maana yamepita kwenye matangi na mamita.

Kipimo ni sea arobaini, sea ni kipimo chao cha kale. Sasa sea moja ni lita ngapi hapo ndio wanazuoni wao wameachana, kwa sea zote arobaini hesabu ya rabai Chaim Naeh inatoa lita 332 na ya mwenzake aitwaye Chazon Ish inatoa 573. Nikauliza tunajenga kwa ipi, akasema kwa kubwa, halafu unaongeza. Tunalenga zaidi ya lita 1,000 kila shimo.

Nikamwambia sisi Mashafii tuna qullatain, maji yakifika kipimo hicho, wengi wanakadiria lita 216, najisi ikiingia hayanajisiki mpaka rangi, ladha au harufu ibadilike. Alifurahi kweli, akaniandikisha neno "qullatain" kwenye daftari lake. Tofauti ni kwamba sisi birika la msikiti unalijaza kwa kuteka kisimani na hakuna anayekuuliza.

Jioni nikampigia mamangu, nikamwambia rabai amenipa darasa. Akasema, "Warabai wamefika mpaka Amerika?" Ilinichukua dakika tano kumweleza kwamba si Rabai ya kule juu ya Mazeras.

Jumanne, 10 Septemba

Zege limekauka. Mpangilio ni huu: katikati hodhi la kuzamia, lenye ngazi saba. Kulia na kushoto shimo moja moja la mvua, yamefunikwa, hakuna anayeingia humo. Hodhi la katikati litajazwa maji ya bomba ya moto, yatabadilishwa na kusafishwa kama kawaida, kwa hiyo msidhani watu wanaoga maji ya mvua ya mwezi wa tatu. Kinachoyahalalisha ni kukutana na mvua. Shimo la kushoto maji ya bomba yanapitia ndani yake, yanachanganyika na mvua, yakijaa yanafurika kwenda katikati, hiyo wanaiita kwa neno la kupanda mbegu. Shimo la kulia lina tundu ukutani, upana wake vidole viwili viweze kuzunguka ndani, sisi tumeweka kama sentimita 5, ukivuta kizibo maji ya pande mbili yanagusana. Na kule kugusana kwa Kiebrania kumetoka kwenye neno la busu. Wengine wanatosheka na njia moja, ila jamii nyingi zinajenga zote mbili ili asije mtu na mwanazuoni wake akakosa raha.

Siku hizi zilikuwa za kupima kuvuja. Kuvuja hapa si hasara ya maji tu, maji yanayotiririka kutoka ndani yanaiharibu mikve kisheria, lazima yatulie. Tulijaza kwa hosi (ruksa, ni majaribio, yote yatamwagwa), nikapiga mstari wa penseli, nikalala. Asubuhi maji yameshuka milimita 4. Kijana akasema ni jua. Jua gani ndani ya nyumba? Nikaweka ndoo ya maji juu ya ngazi, nikatia alama ndani ya ndoo na nje yake, siku ya pili ndoo imeshuka chini ya milimita 1 na hodhi limeshuka 4 tena. Si hewa basi. Nikatia wino wa bluu na sindano karibu na kila kiungo, taratibu, maji yametulia kabisa, na kwenye kola ya lile tundu la busu ule uzi wa bluu ukajikunja ukaingia ukutani kama mjusi. Nilitamani kulia na kucheka. Kukwangua, saruji ya kukauka haraka, dawa ya kuzuia maji mikono miwili, kupima tena. Sifuri.

Halafu kukausha. Si kumwaga tu, kukausha kwa sponji mpaka pembeni, maana shimo ambalo halijafikisha sea arobaini likiingiwa na maji ya kutekwa kiasi cha log tatu, yaani kama lita moja tu, limeharibika. Lita moja! Chupa moja ya soda kubwa haijajaa.

Jumatano, 25 Septemba

Jana mvua ya kwanza ya maana. Hesabu ya paa ni rahisi, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, upande wetu wa paa ni mita 55 za mraba, kwa hiyo milimita 20 ni lita 1,100. Shimo la kushoto likajaa karibu lote usiku mmoja. Nikapiga picha, nikatuma kila mahali.

Leo rabai akapanda ngazi na koti lake refu, akaangalia gata, akashuka polepole. Juu ya bomba nilikuwa nimeweka kichujio cha majani, kile chenye kikombe chini ili mchanga utue. Kizuri, nimekinunua kwa pesa yangu. Akauliza maji yanakaa ndani ya hicho kikombe? Nikasema kidogo tu ndio yapite. Akasema basi ni chombo.

Yote kumwaga. Pampu, sponji, tuanze upya.

Nilikasirika, sifichi. Akaenda garini akarudi na kitabu cha Mishna, mkusanyo wao wa kale wa sheria, sehemu ya Mikvaot, mlango wa 4, akanisomea kuhusu mtu aliyechonga kishimo kwenye mfereji ili kikamate changarawe. Ikiwa mfereji wa mbao, kishimo chochote kinaharibu, wa udongo una kipimo chake. Mishna ilikusanywa kama mwaka 200. Yaani fundi mwenzangu miaka elfu moja na mia nane iliyopita alikuwa na akili ile ile kama yangu na alikatazwa vile vile. Hasira ikapoa kidogo.

Nimeweka wavu bapa mahali pa kikombe. Mabomba yote ni ya plastiki, chuma hawataki kwa sababu kinashika najisi, na nimepita na pimamaji bomba zima kuhakikisha hakuna mahali limebonyea maji yakasimama. Mwisho wa bomba maji yanatambaa kwanza juu ya zege, zaidi ya viganja vitatu, ndipo yanaingia shimoni.

Jumapili, 27 Oktoba

Mwezi mzima hatujafanya kitu, sikukuu zao zimefuatana: mwaka mpya, siku ya kufunga, vibanda, kufurahia Torati. Jumamosi nazo kufuli, hata mimi nisiye Myahudi siruhusiwi kugonga nyundo kwenye jengo lao. Ijumaa mimi naenda zangu jumaa. Ukiondoa na Jumapili za mwenye jengo la jirani anayechukia kelele, wiki yetu ina siku nne.

Lakini ndio uzuri wa kazi hii, mvua haijui sikukuu. Tumefungua leo tumekuta shimo la kushoto limejaa lenyewe, la kulia lina lita 400 na kitu. Bila mtu kugusa. Rabai amepima kushoto kwa fimbo, akaandika, akatia sahihi.

Jumanne, 29 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Kijana alikuwa anapiga grauti ukuta wa juu, akamaliza, akasuuza mwiko na ndoo, na ile ndoo akaimwaga kwenye shimo la kulia. Kwa mazoea tu, shimo lina maji, maji si yanakwenda penye maji. Lita kama kumi.

Alipoona uso wangu akasema, "Mzee, mbona juzi tulimwagia la kushoto hosi nzima na rabai alikuwa amesimama hapo hapo?" Swali zuri. La kushoto lilikuwa limeshatimia. Likishatimia sea arobaini, hata ukimwaga lori la maji ya bomba halidhuriki. Ambalo halijatimia ni kama mtoto mchanga, kila kitu kinalipata.

Rabai akapiga simu kwa msimamizi wake New York, mtaalamu wa mikve. Njia za kuokoa zipo, lakini yule msimamizi alitaka shimo la busu liwe mvua tupu kuanzia tone la kwanza. Mwaga. Kijana alipiga sponji peke yake mpaka saa tatu usiku, sikumsaidia, halafu nikajisikia vibaya nikamnunulia kuku.

Mama mwenyekiti hakugomba. Alisema tu kuna bi harusi, harusi ni katikati ya Desemba, alitaka huyo awe wa kwanza hapa. Bora angegomba.

Jumapili, 10 Novemba

Manyunyu. Lita 90.

Vigae vinaendelea vizuri, rangi ya mchanga, visivyoteleza. Vyumba viwili vya kujitayarishia vina bafu, kioo, droo ya vitu vidogo vidogo, kila mmoja anatoka mlango wake ili wasikutane kwenye korido. Nje hakuna kibao, taa ya maegesho imeelekezwa chini. Mwanamke atakayekuwa zamu ndani anasimama tu kuangalia kama kichwa kimezama chote, akiona sawa anatamka "kosher," yaani imefaa, basi. Usiku mwanamume haonekani karibu, hata rabai.

Mamangu kanitumia voisi: "Mwanangu, na wanaume wao je?" Nikamwambia wapo wanaozama pia, hasa kabla ya siku yao kubwa ya kufunga, ila hao wana saa zao. Akasema hiyo nzuri, akaaga.

Alhamisi, 21 Novemba

Lita 210 jumla. Baridi imeingia, asubuhi gata lina barafu. Nimefanya hesabu mbele na nyuma, kwa mwendo huu hatufiki.

Nikamwambia rabai kwa utani, mvua imekataa, labda tuombe theluji. Akaniangalia kama mtu aliyekumbuka alikoficha ufunguo. Tena Mishna, mlango wa 7 safari hii: theluji, mvua ya mawe, barafu, hata chumvi na tope laini, vyote vinatimiza kipimo cha mikve. Na watu wa Medeva, ule mji ambao leo ni Madaba, Yordani, walitoa ushahidi kwamba rabai Ishmaeli aliwaambia nendeni mkalete theluji mtengeneze mikve tangu mwanzo.

Nikamuuliza, wakalete? Kwa mikono? Akasema kwa mikono, kwa makoleo, kwa chochote. Ikiwa bado imeganda haihesabiwi maji, kwa hiyo kuibeba si kuteka. Ikiyeyukia shimoni imefika yenyewe.

Miezi mitatu nakatazwa kubeba maji, kumbe ningeyagandisha tu! Watu huku wakikosa mvua kabisa wanaagiza lori la barafu, lakini yeye anapenda ya mbinguni kama itapatikana. Sharti: isiwe ya barabarani, ina chumvi na mafuta, na vyombo vya kubebea viwe na matundu chini ili kitakachoyeyuka njiani kidondoke nje, kisiingie kama maji ya kutekwa.

Nimetafuta kreti za maziwa. Zina matundu kila upande.

Jumapili, 1 Desemba

Wallahi ziwa hili. Ijumaa upepo uligeuka ukapita juu ya maji yaliyo bado na joto ukatumwagia theluji ya kufika kiunoni. Jana Sabato, kila mtu ndani, imelala tu nyuma ya jengo safi, hata paka hajapita.

Leo saa mbili asubuhi walikuwepo watu ishirini na kitu na makoleo. Theluji iliyoshindiliwa inatoa maji kama theluthi ya ujazo wake, kreti moja lita 7 hivi, tunahitaji zaidi ya 800, na shimo lenyewe halimezi yote mara moja, kwa hiyo unajaza, unawasha hita chumbani, unangoja ishuke, unajaza tena. Tunatoa safu ya juu ya vumbi, tunachukua ya katikati. Watoto walipewa kazi ya kukagua kila kreti, ikidondosha wanapiga kelele, inageuzwa nje kwanza. Kijana wa Buyenzi alikuwa mlangoni pa shimo, hakuna kreti iliyopita bila yeye kuichungulia chini, mkali kuliko rabai.

Yule bi harusi alikuwepo pia, sikujua ni yeye mpaka mama mwenyekiti aliponionyesha kwa jicho. Alibeba kreti kama thelathini, glovu zimelowa, anacheka na mamake. Mimi nilipiga picha ya theluji tu.

Ijumaa, 6 Desemba

Imeyeyuka yote. Maji yamepanda juu ya tundu kwa kiganja kizima. Rabai na msimamizi wa New York wakapima kwa rula, wakapima tundu kwa vidole viwili wakivizungusha, wakaniuliza mara ya tatu kama kuna bomba lolote la chuma nililosahau. Hakuna.

Tukajaza hodhi la katikati kupitia kushoto, nyuzi joto 36, mpaka usawa wa kifua. Halafu akaniambia vuta. Nikajikunja kwenye ukingo, mkono ndani mpaka begani, kizibo kikagoma kidogo kikatoka, na nikasikia ubaridi wa theluji unapita kwenye vidole vyangu kuingia kwenye yale ya moto. Sikuwa nimetarajia kuusikia. Nikakaa hivyo kidogo, shati limelowa, rabai hakuniharakisha.

Jumatano, 18 Desemba

Ujumbe wa mama mwenyekiti leo asubuhi: "Asante sana fundi. Hita ya chumba cha pili ililia usiku kucha. Njoo uiangalie, lakini njoo mchana."